Safu ya Mwisho Kwenye Sinia

Mama Mistari alikuwa na msemo mmoja wa kazini: kipimo cha haraka kinataka mtu asiye na haraka. Aliusema siku aliyokabidhiwa kiti cha msomaji wa pili, na tangu hapo mlinzi wa langoni akaufanya salamu.

"Mama, haraka umekuja nayo leo?"

"Nimeiacha nyumbani inafua."

Jina hilo la Mistari alipewa na wenzake wa kituo cha afya, kwa mistari aliyoisoma kwenye kipimo hicho, likamkaa kama kiatu kilichokwisha kuujua mguu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye mwendo wa taratibu. Hakuna aliyekumbuka kumwona akiangusha kitu. Aliingia kituoni akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuosha vioo, vile vioo vidogo vyembamba vinavyopakwa damu ili itazamwe kwa darubini. Alivisugua, akavianika, akavipanga. Siku moja bwana maabara wa wakati ule, mtu mwenye maneno makali na moyo laini, alimkuta ameinama kwenye darubini na kioo ambacho hakijaoshwa.

"Unatafuta nini humo?"

"Nataka kujua ninachokiosha."

Yule bwana hakumfukuza. Alivuta kigoda, akamwonyesha chembe za damu, kisha akamwonyesha mgeni aliyejipenyeza kati yake: kimelea cha malale, chembamba, chenye mkia usiotulia. Baadaye Mama Mistari alipenda kusema kwamba kile kidudu hupita kwenye damu kama mtu aliyechelewa anavyopita katikati ya umati, hamkanyagi mtu lakini kila aliye jirani anatikisika. Alikwenda kusomea maabara miaka miwili, akarudi na cheti, akaketi kwenye kiti cha yule bwana alipostaafu. Kwa miaka thelathini aliinama juu ya darubini moja, mpaka rangi ya chuma ikatoka pale aliposhika.

Ugonjwa wa malale wa eneo lile ulikuja na mbung'o, wale inzi wakubwa wa vichaka vya kando ya mto. Ulianza kwa homa na kichwa, ukaotesha tezi nyuma ya shingo, na ukiachwa ulimgeuzia mtu mchana kuwa usiku, akalala mkono ukiwa bado umeshika jembe. Kuukamata kwa darubini kulitaka nusu siku, mashine ya kuzungusha damu, umeme usiokatika na macho ya mtu kama yeye. Vituo vingi havikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Ndiyo maana kilikuja kipimo kipya. Kilikuwa kibao cha plastiki kinachotosha kiganjani, chenye kidirisha kirefu cheupe. Unatia tone la damu ya kidolegumba, unafuatisha matone manne ya dawa, unasubiri dakika kumi na tano. Mstari mmoja ukitokea, kipimo kinafanya kazi na damu haina alama ya malale. Ikitokea mistari miwili, mwili umekwisha kukutana na malale, na mwenye damu anapelekwa kwenye darubini siku hiyohiyo. Lakini nani alijua kama kibao chenyewe kinasema kweli? Hilo ndilo lililokuwa swali la utafiti. Kwa miezi mitatu kituo kile hakikuwa kinawapima watu tu, kilikuwa kinakipima kipimo.

Kwa kazi hiyo palihitajika wasomaji wawili wasioambizana. Msomaji wa kwanza alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Injinia, kwa sababu hakuna mashine iliyokufa kituoni ambayo hakuifufua. Alisomea mezani penye dirisha. Akimaliza, sinia la vibao lilipitishwa nyuma ya pazia la kijani, kwa Mama Mistari. Kila mmoja aliandika kwenye karatasi yake, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Bahasha zilifunguliwa na mtu mmoja tu, Daktari, mwanamke aliyeongoza utafiti.

"Macho hayana pazia," Injinia alipenda kutania kutoka upande wake.

"Mdomo pia hauna," Mama Mistari alijibu. "Soma vyako."

Sinia lilikuwa na nafasi ishirini, safu nne za vibao vitano vitano. Sista, muuguzi mwenye mikono myepesi, alimketisha mtu, akamtoboa kidole, akadondosha tone kwenye nafasi ya kwanza, akamwita wa pili, hivyo hivyo mpaka ya ishirini. Wiki ya kwanza kila kibao kilikuwa na saa yake ndogo ya kengele. Saa ishirini zilipoanza kulia, huyu akizima hii ile inaamka, chumba kiligeuka banda la kuku. Watoto walicheka, Sista akatamani kulia. Mama Mistari ndiye aliyetoa wazo: saa moja kwa sinia zima. Liwe na wakati mmoja, lisomwe kwa pamoja. Daktari alikubali, foleni ikafupika, na Sista akamletea Mama Mistari ndizi mbivu kwa shukrani. Wazo lile alijivunia. Alimsimulia hata jirani asiyejua kibao ni nini.

Jumatano ya wiki ya nne, saa nne asubuhi, Daktari alimwita ofisini. Alikuwa hajafika miaka arobaini, na aliongea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi mdomoni.

"Keti, Mama."

"Kuketi ndiyo kazi yangu. Nipe habari nikiwa nimesimama."

Daktari aliufungua mkono wake juu ya karatasi. "Vibao mia nne mmekwisha kuvisoma. Mnakubaliana vizuri. Ila kumi na vitatu mmegawanyika. Vyote kumi na vitatu Injinia anasema mstari wa pili haupo. Wewe unasema upo, hafifu."

"Basi upo."

"Mama."

"Nakusikiliza, mwanangu."

"Mngegawanyika huku na huku ningesema ni bahati tu. Vyote vikiegemea upande mmoja, pana sababu."

"Pana sababu, kweli. Umeitafuta, au umeshaichagua?"

Daktari hakukasirika. Alichukua karatasi ya maelezo ya dawa, ile yenye maandishi ya sisimizi, akamwomba asome mstari wa chini. Mama Mistari aliipokea. Mkono wake, bila kumwomba ruhusa, uliisogeza karatasi mbali na uso, ukaisogeza tena, mpaka kiwiko kikanyooka. Wote wawili waliutazama ule mkono.

"Ijumaa saa nane mchana napeleka matokeo ya mwezi," Daktari alisema kwa upole. "Kama ni macho, nitafuata karatasi za Injinia. Wewe utahamia stoo mpaka utafiti uishe. Si adhabu."

"Na wale watu kumi na watatu?"

"Watahesabiwa kuwa hawana."

Kuhusu stoo hakuuliza. Alirudi nyuma ya pazia lake akaketi mbele ya sinia lililokuwa likimsubiri, akasoma vibao ishirini kama kawaida yake. Yeye hakuwahi kuutafuta mstari. Aliutazama kwanza weupe wa kidirisha, kote, kama mtu anayetazama shuka lililoanikwa. Na pale weupe uliposita kidogo, ukashika pumzi, hapo ndipo alipoinama. Asubuhi ile weupe ulisita mara tatu. Aliandika mara tatu: upo, hafifu. Kama hii ndiyo siku yangu ya mwisho kwenye kiti, aliwaza, basi nitaimaliza nikisema ninachokiona.

Mchana alivuka ua kwenda kwa mpima macho. Mpima macho alikuwa mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, na alimpima bila huruma yoyote ya ukoo.

"Mbali unaona mpaka dhambi za watu, Mama Mdogo. Macho ya karibu ndiyo yamechoka. Miaka mingapi unasoma kwa kunyoosha mkono?"

"Mkono ni wangu."

"Na miwani hii nayo ni yako kuanzia leo."

Aliivaa akarudi kazini. Sinia la mwisho la siku lilikuwa mezani. Kabla ya kusoma aliivua, akatazama, akaivaa, akatazama tena. Mistari hafifu aliyoiona bila miwani ilikuwepo pia na miwani, tena imekoza. Hapo moyo ukamtulia kama chungu kilichowekwa kwenye kata ya kichwani. Jicho bovu huficha kilichopo. Halichori kisichokuwepo, sembuse mara kumi na tatu. Kwa hiyo mistari ilikuwepo. Na Injinia hakuwa mzembe wala kipofu. Mtu yule aliweza kuona skrubu iliyolegea ndani ya friji iliyofungwa. Mmoja ameona, mwingine hakuona, na wote wawili ni wazima. Hilo ndilo fundo alilokwenda nalo nyumbani, na alikaa nalo Alhamisi nzima bila kulifungua.

Mumewe alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana: meza ya kimo cha kifua, droo za vipuri, na ukuta wa saa za watu, kila moja ikidai wakati wake. Alhamisi jioni, jua likiwa bado mlangoni, alimkuta ameinamia saa ya mkononi, kioo cha kukuzia kimekwama kwenye jicho lake la kulia.

"Umevaa nini hicho usoni?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Umekionaje na jicho moja?"

"Umeingia ukinyoosha shingo kama twiga. Zamani ulikuwa unanyoosha mkono."

Alivuta kiti akaketi upande wa pili wa meza. Alimweleza yote: vibao kumi na vitatu, Ijumaa saa nane, watu wasiojua kwamba damu yao imezua mabishano. Majina hakuyajua, hata nambari zao hakuzijua, maana bahasha ni ya Daktari. Mumewe alisikiliza huku bisibisi yake, nyembamba kuliko kijiti cha meno, ikizunguka na kusimama.

"Wa kwanza anasoma saa ngapi?"

"Saa ikilia. Dakika kumi na tano."

"Na wewe?"

"Akishamaliza. Dakika kama kumi mbele. Inaruhusiwa, mpaka nusu saa kipimo bado ni halali."

"Saa anaianzisha nani?"

"Sista."

"Lini?"

"Akishadondosha tone la kwanza, anabonyeza."

Bisibisi ilisimama. Fundi alikitoa kile kioo jichoni, akamtazama mkewe kwa macho yote mawili.

"Na tone la mwisho?"

Saa za ukutani ziliendelea kutembea, kila moja kwa hatua zake. Mama Mistari aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. Aliona sinia. Aliona mkono mwepesi wa Sista ukishuka safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliwaona watu wakiinuka na kuketi, mzee anayebembelezwa atoe kidole, mtoto anayetoroka na kurudishwa. Aliiona safu ya nne ikipata damu yake wakati ya kwanza imeshakaribia kuiva.

"Injinia anaisoma mbichi," alisema taratibu. "Safu ya mwisho anaisoma mbichi. Ikifika kwangu imeiva."

"Mimi nimeuliza tu."

"Na aliyesema saa iwe moja ni mimi."

Mumewe alirudisha kioo jichoni, labda ili asionekane anacheka. "Nyani haoni kundule," alisema. "Ila wewe angalau umegeuza shingo. Na hiyo miwani imesaidia."

"Cheka. Ukimaliza uniazime saa ya kupimia mbio."

"Ile ya mwalimu wa michezo? Mwenyewe atakuja kuichukua Jumamosi."

"Mimi nataka Ijumaa."

Ijumaa alifika kabla ya mlinzi kumaliza uji wake. Hakwenda ofisini. Alimweleza Sista anachotaka, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, saa ya michezo mkononi, kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mfyatua matofali mwenye udongo mkavu hadi kwenye nyusi. Mfyatua matofali alikuwa ameegemeza kichwa ukutani na amelala fofofo, kinywa wazi.

"Huyu alipimwa wiki iliyopita," mama mwenye mtoto alimnong'oneza. "Anasema karatasi yake haijatoka. Anakuja kila siku, anaketi, analala. Mkewe amemwambia asirudi nyumbani bila jibu."

Mama Mistari alimtazama yule mtu, tezi iliyotuna nyuma ya shingo yake, vidole vilivyolegea pajani. Kama alikuwa mmoja wa wale kumi na watatu au la, hakujua na hakupaswa kujua. Alibonyeza saa Sista alipodondosha tone la kwanza. Alibonyeza tena kwenye la ishirini. Dakika kumi na moja na sekunde kidogo. Kwa hiyo kengele ya sinia ikilia, kibao cha mwisho kimeishi dakika nne.

Saa tatu alibisha kwa Daktari, na safari hii aliketi.

"Sina haja ya nambari za wagonjwa," alisema. "Hizo zibaki kwenye bahasha zako. Niambie kitu kimoja tu. Wale kumi na watatu walikaa wapi kwenye sinia?"

"Walikaa wapi?"

"Nafasi. Ya kwanza hadi ya ishirini, imeandikwa pembeni ya karatasi."

Daktari alisita, akapima kama swali lile linavunja sharti lolote la utafiti, akaona halivunji. Alifungua jalada, akashuka na kidole.

"Kumi na nane," alisoma. "Ishirini. Kumi na saba. Ishirini tena. Kumi na tisa." Sauti yake ilianza kupunguza mwendo. "Kumi na sita. Kumi na tisa. Mama, hii ni nini?"

"Endelea."

Aliendelea hadi mwisho. Kumi na wawili walikaa safu ya nne. Mmoja alikuwa nafasi ya tatu.

"Na tarehe zao?" Mama Mistari aliuliza. "Kuna hata mmoja wa wiki ya kwanza?"

Daktari alipekua. Hakukuwa na hata mmoja. Wote walikuwa wa kuanzia wiki ya pili.

Ndipo Mama Mistari akaiweka saa ya michezo juu ya meza, mshale wake umesimama pale aliposimamisha, akamweleza. Hakuzunguka. Saa moja kwa sinia zima lilikuwa wazo lake yeye. Lilifupisha foleni, na likamnyima Injinia dakika kumi na moja kwenye kibao cha mwisho. Mstari mzito hutokea mapema, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mstari hafifu ndio unaohitaji muda wake wote, na ndio uliopotea.

"Sahihi ni yangu," Daktari alisema. "Wewe ulipendekeza, mimi nilitia sahihi."

"Basi tugawane. Kubwa unajua nani anachukua."

"Na huyu wa nafasi ya tatu?"

"Huyo niachie mimi. Huyo hana kisingizio cha saa."

Injinia aliitwa. Alisimama mlangoni na kitambaa cha mafuta mkononi, akasikiliza, na rangi ya uso wake ikabadilika. "Kwa hiyo mbovu ni mimi," alisema. "Tangu Daktari aniambie tumegawanyika, najiuliza. Nilidhani Mama anaongeza mistari kwa huruma. Sikusema, nikaona ni utovu wa adabu."

"Huruma ninayo, lakini siandiki nayo," Mama Mistari alimjibu. "Wewe nguo unaanika?"

"Naanika. Mke wangu yupo kazini siku nzima."

"Ukiigusa ya kwanza kuanikwa, ukaikuta imekauka, unaanua kamba nzima?"

Injinia alifikiri. "Nilishafanya hivyo. Nikavaa soksi mbichi kwenda ukweni."

"Basi. Nguo haikuwa na kosa, na mkono wako haukuwa na kosa. Ulisoma sawasawa ulichopewa. Aliyekupa mbichi ni mimi."

Saa nane ilifika, na Daktari hakupeleka matokeo. Alipeleka barua ya nusu ukurasa: masinia ya wiki tatu yana kasoro ya muda, safu za mwisho zitarudiwa, na watu kumi na watatu waliogawanya wasomaji wataitwa kwanza. Chini aliandika kwamba wasomaji wote wawili wanabaki kwenye viti vyao. Alimwita Mama Mistari aisome kabla haijatoka. Aliisoma kwa miwani, mkono umekunja kiwiko, bila kuruka neno.

Jumatatu waliitwa. Kumi walikuja kwa miguu yao, wawili wakafuatwa kwa pikipiki ya kituo. Wa kumi na tatu, mfyatua matofali, hakuitwa kwa sababu tayari alikuwepo, amelala kwenye benchi lake. Sista alimgusa bega.

"Baba, leo jibu lako linatafutwa."

"Mbona mlichelewa?" aliuliza, akijipangusa udenda bila aibu. "Nimelala hapa mpaka benchi limenijua."

Safari hii kila mtu alipimwa kwa wakati wake. Sista aliandika kwa penseli dakika ya kila tone, ubavuni mwa kila kibao, akaacha dakika nzima ipite kabla ya tone la pili. Ilichukua muda, na hakuna kuku aliyelia, maana saa ilikuwa moja tu, ile ya kupimia mbio iliyotoka kwa fundi, imetundikwa kwenye msumari mahali ambapo wote waliiona. Injinia alisoma kibao cha kwanza dakika yake ilipotimia, kisha cha pili, kisha cha tatu, akivipitisha nyuma ya pazia kimoja kimoja. Bahasha zilifungwa kwa gundi kama kawaida.

Daktari alizifungua papo hapo. Kwenye vibao kumi na viwili wasomaji wote wawili waliandika neno lilelile: upo. Kwenye kimoja, kile ambacho zamani kilikuwa nafasi ya tatu, wote waliandika haupo. Mama Mistari aliomba karatasi yake ya zamani. Kwenye nafasi ile alikumbuka vizuri sasa: damu ilikuwa imeacha utelezi mwembamba kidirishani, na yeye akaupa jina la mstari. Alichukua kalamu, akaandika pembeni: kosa la msomaji wa pili, macho ya karibu. Akatia sahihi.

"Hukulazimika kuandika sababu," Daktari alisema.

"Mficha uchi hazai."

Wale kumi na wawili wakapelekwa kwenye darubini. Mstari wa kibao husema tu kwamba mwili umekutana na malale, na mwili huweza kukutana nao ukaushinda, au ukauchanganya na ugonjwa mwingine. Kukiona kidudu chenyewe ni kazi nyingine. Mashine ilizungusha damu, mirija myembamba ikalazwa moja moja chini ya lenzi, na Mama Mistari, aliyeruhusiwa sasa kwa kuwa karatasi zilikwisha kufunguliwa, aliinama pale chuma kilipopoteza rangi. Mrija wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Kwenye wa tano alikaa muda mrefu, Injinia akiwa nyuma yake hapumui. Chembe moja ilitikisika. Jirani yake ikatikisika. Kisha akapita, yule aliyechelewa, na mkia wake usiotulia.

"Njoo umwone," alisema, akampisha Injinia.

Injinia alitazama. "Huyu mtu ningemwambia hana," alisema mwishowe.

"Ungemwambia. Na mimi ningekuwa stoo nahesabu glovu."

Walimpata wa pili kwenye mrija wa tisa. Kumi waliobaki hawakuonekana na kitu. Walipewa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Mrija wa tano ulikuwa wa mwanamke muuza kuni, na wa tisa ulikuwa wa mfyatua matofali. Daktari aliwaeleza wote wawili pale pale: ugonjwa upo, dawa ipo, vidonge vya siku kumi vikimezwa mbele ya muuguzi, na wanaanza leo.

Mfyatua matofali aliupokea ujumbe kama mtu anayepokea mzigo ambao alishaubeba siku nyingi, ila sasa ameambiwa una uzito gani. Alimtafuta Mama Mistari kwa macho.

"Wewe ndiye uliyekaa na mimi kwenye benchi Ijumaa, na saa mkononi. Ulikuwa unanihesabia usingizi?"

"Nilikuwa nahesabu foleni. Wewe ulikuwa unakoroma mpaka nikakosea mara moja."

"Mke wangu atafurahi. Alikuwa ananiita mvivu."

"Mwambie aje nimweleze mwenyewe. Na aombe radhi mbele yangu."

Mtu yule alicheka, na Sista akampa kidonge cha kwanza na kikombe cha maji.

Jumanne asubuhi mlinzi alimsimamisha langoni kama kawaida yake, akamuuliza kama haraka ipo, na Mama Mistari akamjibu kwamba ameigawa, kila mtu amechukua dakika yake. Alivua kanga ya begani, akavaa koti jeupe, akafuta miwani kwa pindo la koti. Upande wa pili wa pazia Injinia alikuwa ameshaketi.

"Mama."

"Unavunja sheria."

"Si la vibao vya leo. Mstari hafifu unauonaje? Mimi nikiutafuta sana, naona mistari kila mahali."

"Usiutafute. Utazame weupe kwanza, wote, mpaka uuzoee. Ukiona umesita, hapo rudi."

Injinia alivuta kiti karibu na meza. Sista alidondosha tone la kwanza, akatazama saa ya fundi kwenye msumari, akaandika kwa penseli. Mwalimu wa michezo alikuwa ameambiwa aisubiri wiki mbili zaidi, na ameambiwa sababu, na amekubali.

"Nafasi ya kwanza," Sista alisema. "Dakika sifuri."

Mama Mistari aliikunjua karatasi yake, akaandika tarehe, akasubiri.